Mizani Mbili Katika Sikio Moja

  

Ndugu zetu katika imani, ipo kauli inayorudiwa katika baraza za misikiti yetu hapa Rahaleo kila masika yanapoingia na redio ikatangaza tahadhari ya upepo mkali. Mtu hukaa, huweka viatu vyake pembeni, hutabasamu na kusema: "Wale wale waliotuambia mwaka 2019." Wenziwe hucheka, mazungumzo hufungwa, na kila mmoja huenda zake akiamini kuwa hoja imekwisha kutolewa. Sisi tunasema hoja haikutolewa. Kilichotolewa ni kicheko, nacho ni kicheko ambacho siku moja kitaua watu.

Kwa waliokuwa wadogo au waliokuwa mbali, tukumbushane. Mwezi wa Machi 2019 kimbunga kilichoitwa Idai kiliupiga mji wa Beira nchini Msumbiji kikaua mamia ya watu. Wiki sita baadaye, katika siku za Shaabani ya mwaka 1440, kikatokea kingine kaskazini mwa Madagascar, kikaitwa Kenneth. Kilipita karibu na Ngazija tarehe 24 Aprili, kisha kikaelekea bara. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikaeleza kuwa pwani ya kusini ya nchi yetu, Mtwara ikiwa mbele, imo katika eneo ambalo huenda kikalipitia. Alhamisi ya tarehe 25 shule zilifungwa, ofisi zilifungwa, na watu wa mabondeni na wa kandokando ya bahari walitakiwa wahamie penye muinuko. Mji ulikuwa kimya kama siku ya msiba. Tuliwaona akina mama wakipita na mikeka kichwani na watoto mgongoni, na wavuvi wakizivuta ngalawa zao hadi chini ya minazi.

Siku hiyo hiyo kimbunga kilishuka nchi kavu katika jimbo la Cabo Delgado, kusini ya mto Ruvuma, kwa mivumo iliyozidi kilomita 200 kwa saa. Kutoka hapa tulipo hadi pale kilipoingia ni kama kilomita 200 na ushei. Mtwara tulipata mawingu, upepo wa kiasi, na mvua ambayo masika hutuletea kila mwaka.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, tena sikukuu ya Muungano. Baada ya swala watu hawakutawanyika upesi. Baadhi walisema: wataalamu ni waongo, wametutia hasara ya siku nzima ya biashara. Wengine wakasema: hapana, kilikuwa kinakuja kweli, ila dua zetu ndizo zilizokirudisha. Na walikuwapo waliotikisa vichwa na kusema walijua tangu mwanzo kwamba hakitakuja, kwa kuwa kimbunga hakijapata kufika huku. Sisi, tunakiri, tulikuwa katikati yao tukicheka. Tena tulikuwa na sababu ya ziada ya kuona haya, kwani Alhamisi ile asubuhi ni sisi tulioshika kipaza sauti cha msikiti tukatangaza kwamba kimbunga kinaingia leo. Redio ilikuwa imesema "huenda". Neno hilo "huenda" tulilidondosha njiani baina ya redio na kipaza sauti, nasi hatukugundua kwamba limedondoka. Wengi walioyasikia matangazo yetu walikasirika kwa kuvunjiwa ahadi ambayo Mamlaka haikuitoa. Tuliitoa sisi.

Miaka imepita na bado tunaitafakari Ijumaa ile, kwa sababu ndani yake tuliona kosa ambalo darasani tunawaadhibu wanafunzi kwa kulifanya, nasi tukalifanya barazani bila ya kuona vibaya.

Chukueni mfano wa darasa la mirathi. Tunawapa vijana swali: mtu amefariki, ameacha mke na mtoto mmoja wa kiume, mke anapata nini? Kijana anaandika: thumni, yaani moja ya nane. Jibu ni sahihi. Kisha tunamwuliza sababu, naye anasema: kwa kuwa mke siku zote hupata thumni. Hapo mwalimu mwenye kuijua kazi yake hampi alama. Amepatia leo kwa kuwa maiti ameacha mtoto. Kesho ataletewa mirathi ya mtu asiye na mtoto, naye kwa kanuni ile ile atamnyang'anya mjane nusu ya haki yake, kwani fungu lake pale ni robo. Jibu sahihi lilikuwa limeificha kanuni mbovu, na kanuni ndiyo atakayoondoka nayo darasani.

Wanazuoni wetu walilijua hili zamani sana. Wote tumeisikia hadithi sahihi ya hakimu anayejitahidi: akipatia ana ujira mara mbili, na akikosea baada ya kujitahidi ana ujira mmoja. Je, angelipwaje aliyekosea ikiwa uamuzi hupimwa kwa matokeo peke yake? Na ipo riwaya nyingine, ijapokuwa wanahadithi wameizungumzia sanadi yake, yenye maana kwamba anayeifasiri Qur'ani kwa rai yake tupu amekosea hata kama amepatia. Ziweke riwaya hizo mbili bega kwa bega. Mmoja amekosa akalipwa, mwingine amepata akalaumiwa. Kinachopimwa ni njia aliyoipita mtu kwa kile alichokuwa nacho mkononi saa ile.

Wataalamu wa elimu ya nafsi katika zama zetu nao wameligusa jambo hili. Hawakuwa Waislamu, na hilo halipunguzi uzito wa walichokiona. Mwaka 1988 Jonathan Baron na John Hershey waliwasimulia watu kisa cha tabibu aliyeamua kumpasua mgonjwa. Habari aliyokuwa nayo tabibu ilikuwa ileile, na hatari iliyokadiriwa ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba katika simulizi moja mgonjwa alipona, na katika nyingine alikufa. Uamuzi ulionekana kuwa mzuri zaidi mgonjwa alipopona kuliko alipokufa. Tabibu ni yule yule, uamuzi ni ule ule, na kilichobadilika ni jambo ambalo tabibu hakuweza kulijua alipokuwa akiamua. Kabla yao, mwaka 1975, Baruch Fischhoff aliwapa watu habari za vita vya Waingereza na Wagurkha vya mwaka 1814, akawaambia kundi hili matokeo haya na kundi lile matokeo mengine. Kila kundi liliyaona matokeo liliyoambiwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yakitarajiwa tangu mwanzo. Hao ndio jamaa zetu wa baraza ya Ijumaa, wale waliojua tangu mwanzo.

Sasa turudi kwenye tangazo la 2019, tulipime kama tunavyopima daftari la mwanafunzi. Kimbunga kiko baharini. Anayekikadiria njia yake kwa siku moja mbele hukosea kwa makumi ya kilomita, na mara nyingine zaidi ya mia. Kwa siku mbili, kosa huwa kubwa zaidi. Kwa hiyo anayetakiwa kutoa tahadhari siku mbili kabla hawezi kuonyesha kijiji. Huonyesha kipande kirefu cha pwani na kusema: kitaingia mahali fulani humu. Mtwara ilikuwa humo. Palma ilikuwa humo. Kikaingia humo, upande wa kusini. Tunaomba mtu atuonyeshe uongo uko wapi. Na upande wa gharama, tuweke mkononi siku moja ya soko iliyopotea, na mkono wa pili nyumba za makuti na za tope za mwambao mzima na watu wakiwamo ndani yake. Hata kama nafasi ya kupigwa ilikuwa moja katika tano, mwenye akili angehama. Angehama tarehe 25, na tarehe 26 akiliona jua angesema alifanya sawasawa, wala asingehisi kuwa amechezewa.

Baadhi ya ndugu watatuambia kwamba haya ni mambo ya vimbunga, nayo huja mara moja katika umri wa mtu. Basi tuzungumze juu ya korosho, ambazo huja kila mwaka.

Msimu wa 2017 bei ya korosho ghafi katika minada yetu ilifika na kupita shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja na bei kati ya shilingi 1,900 na 2,700 hivi, nao wakulima katika minada ya Tandahimba na Newala na kwingineko wakakataa kuuza. Bei ya soko la dunia ilikuwa imeshuka, lakini ile elfu nne ya mwaka uliotangulia ilikuwa imekwisha kujichimbia katika vichwa kama nguzo, na kila bei iliyosemwa ilipimwa kwa urefu wa nguzo hiyo. Hatusemi kukataa kulikuwa makosa. Walikuwapo waliokataa kwa hesabu nzuri, wakijua gharama ya salfa na palizi. Tunalotaka mlitazame ni yaliyofuata. Novemba 2018 Rais Magufuli alitangaza kuwa Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na jeshi likapewa kazi ya kuzibeba. Wiki ile waliogoma waliitwa mashujaa wenye kuona mbali. Malipo yakachelewa, yakaingia mwaka 2019 watu wakingali wanangoja, na katika baraza zile zile wale wale waliitwa wajinga waliokataa fedha mkononi. Mgomo ulikuwa mmoja, siku ilikuwa moja, na waliogoma hawakuwa na njia ya kujua lolote katika hayo mawili. Sisi tuliwavika taji kisha tukawavua, bila ya kuuliza hata mara moja walikuwa na habari gani mkononi siku ile ya mnada. Na kwa kuwa hatukuuliza, hatukujifunza chochote cha kutusaidia mnada uliofuata.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya kupima uamuzi kwa matokeo. Lipo la pili, nalo ndilo lililotusukuma kuandika.

Yule yule anayesema hatasikiliza tena habari za hali ya hewa kwa sababu zilikosea mara moja, mwulizeni habari za mpiga ramli. Atakuambia kisa. Fulani aliibiwa pikipiki, akaenda kwa mganga, akaambiwa mwizi yuko upande wa jua linapotua, na kweli ikapatikana upande huo. Kisa hicho kimoja kitakuwa kimesimuliwa vijiweni kwa miaka kumi. Mwulize ni wangapi walioibiwa wakaenda kwa mganga huyo huyo wakaambiwa upande wa jua linapotua na hawakuona hata tairi. Hajui. Hakuna anayesimulia kisa cha pikipiki isiyopatikana. Vivyo hivyo bundi: alilia usiku, asubuhi mtu akafa, na mtaa mzima unakumbuka. Usiku mwingine bundi yule aliolia na watu wakaamka salama wakanywa uji haukuandikwa popote.

Waislamu hatuna udhuru katika hili, maana tulikwisha kuelezwa. Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya makuhani, kwamba mara nyingine husema jambo likawa kweli. Akaeleza, kama ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim, kwamba hilo ni neno moja la haki lililonyakuliwa na jini, kisha likachanganywa na uongo mia. Na katika riwaya mojawapo imetajwa tabia ya wasikilizaji wenyewe: huanza kuambiana, je, siku fulani hakutuambia kadhaa na kadhaa, ikawa? Wanalishika lile moja, na mia wanayaacha yapite. Hadithi hii kwa kawaida husomwa kama karipio kwa kuhani, na kweli ni karipio kwake. Lakini ndani yake imo pia picha ya sikio la msikilizaji, nalo ndilo sikio tunalotembea nalo.

Basi tazameni tunavyofanya. Kwa mpiga ramli tunahesabu alipopatia na tunasahau alipokosea. Kwa mtaalamu wa hali ya hewa tunahesabu alipokosea na tunasahau alipopatia, zile asubuhi zote aliposema mvua itanyesha ikanyesha, aliposema bahari itachafuka ikachafuka na wavuvi wakasalimika kwa kutotoka. Hizo ni mizani mbili katika sikio moja. Sura nzima imeteremshwa kuwaonya wanaopunja vipimo, wanaojipimia kamili na kuwapimia watu pungufu, nasi hudhani inawahusu wauza dagaa sokoni peke yao.

Mwaka 2011 nchi yetu ilipata funzo kubwa katika mlango huu. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Watu walisafiri kutoka kila pembe ya nchi na nchi za jirani, Wakristo na Waislamu, masikini na mawaziri, na foleni ya magari ilienda kwa kilomita nyingi. Kilichowapeleka ni ushuhuda wa waliopona. Aliyekunywa akajisikia vizuri alirudi mjini akasimulia. Aliyekunywa akafa hakurudi kusimulia, na aliyeacha vidonge vyake vya hospitali akazidiwa alizikwa kimya na watu wake. Wako waliofia katika foleni ile ile, na foleni haikupungua kwa ajili yao. Sisi hatumsemi mchungaji yule, aliyefariki mwaka 2021. Tunasema juu ya masikio yaliyosikia upande mmoja wa kaburi.

Tuje kwa wale wa pili wa Ijumaa ile, waliosema dua zetu ndizo zilizokirudisha kimbunga. Hapa tunaomba tuvumiliane, maana tunagusa jambo zito. Dua ni ibada, na Mwenyezi Mungu hufanya atakalo. Hatukatai kwamba huepusha balaa kwa dua ya mja wake. Tunalokataa ni yakini ya mtu kudai kwamba anajua ndivyo ilivyokuwa. Kimbunga hakikurudi baharini. Kilikwenda Ibo, kikaenda Quissanga, kikaenda Macomia. Ibo ni kisiwa chenye misikiti ya karne nyingi. Mwambao ule ni wa ndugu zetu Wamwani, Waislamu ambao lugha yao ukiisikiliza sokoni unaelewa nusu yake, na wengi wetu hapa Mtwara tuna shangazi na wajomba ng'ambo ile ya Ruvuma. Makumi ya watu walikufa huko, na maelfu ya nyumba zilianguka. Je, wao hawakuomba? Au waliomba na sisi tukaomba, tukaambiwa sisi ndio wema? Aliyesema maneno yale siku ile hakukusudia kuwatukana waliokufa, tunamjua, ni mtu mwema. Lakini ndivyo akili inavyoteleza: ikipata salama hutafuta sifa yake katika hiyo salama, na haitupi jicho ng'ambo ya mto.

Na wapo wanaosema kwamba kuhama ni kupungukiwa na tawakkul. Jibu la watu hawa limekuwapo tangu zama za Umar bin Al-Khattab (r.a.). Alipokuwa akielekea Sham na kufika mahali paitwapo Sargh, aliletewa habari kuwa tauni imeingia huko. Aliwaita Muhajirina akawashauri, kisha Ansari, na maneno yao yakatofautiana, kisha wazee wa Kikureshi, nao kwa kauli moja wakamshauri arudi. Akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamkabili: unaikimbia qadar ya Mwenyezi Mungu? Umar akamfahamisha kwamba anatoka katika qadar ya Allah kwenda katika qadar ya Allah, akampigia mfano wa mchungaji wa ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine kavu. Baadaye ndipo akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.) na hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyoafikiana na uamuzi ule. Angalieni mpangilio wa mambo: Umar aliamua kabla ya kuijua hadithi hiyo, na kabla ya kujua nani atakufa na nani atapona. Aliamua kwa habari, kwa mashauriano na kwa kulinganisha madhara.

Na wanaodai kwamba kutabiri kimbunga ni kujidai kuijua ghaibu, tunawauliza: nahodha wa Msimbati anapotazama wingu la kusini na kukataa kutia jahazi majini, naye amejidai kuijua ghaibu? Anasoma dalili alizoumba Mola wake. Aliye na setilaiti anasoma dalili zile zile kutoka juu zaidi. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiona wingu au upepo, athari ya wasiwasi ilikuwa ikionekana usoni mwake, hali watu wengine walikuwa wakifurahi wakitaraji mvua. Alipomwuliza sababu, alimkumbusha kaumu ya Aad. Hao, kama ilivyo katika Suratul Ahqaf, waliliona wingu likiyaelekea mabonde yao wakasema hili ni la kutunyeshea mvua. Walikuwa wakiitaka mvua, basi macho yao yakaona mvua. Mbora wa viumbe anaingiwa na hofu kwa wingu, na sisi tunacheka kwa tahadhari!

Turejee kwa wale waliosema kwamba kimbunga hakijapata kufika huku. Tversky na Kahneman, katika makala yao mashuhuri ya mwaka 1974, walieleza kuwa akili ya mtu, hata ya msomi, inapokadiria ukubwa wa hatari hutazama ni kwa wepesi gani inakumbuka mfano wake. Kisichokumbukwa huhesabiwa kuwa hakipo. Ni kweli kwamba karibu na Ikweta vimbunga ni haba, na sisi tuko kama nyuzi 10 tu kusini yake. Lakini Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, jirani zetu hawa wa mwendo wa saa mbili kwa gari. Waliokuwa watu wazima mwaka huo karibu wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na kumbukumbu yao imekwenda nao. Sisi tunakumbuka 2019, nayo inatuambia hakuna kitu.

Kisha ikaja Aprili 2021 na kimbunga Jobo, kikatangazwa, kikanyong'onyea kabla ya kufika pwani. Wenye kicheko wakaongeza hesabu yao: mbili. Ndipo ukaja mwezi wa Mei 2024. Tahadhari ya Hidaya ilitolewa, na Ijumaa ya tarehe 3, baada ya swala, tukaisikia tena ile kauli: wale wale waliotuambia. Mara hii sisi hatukucheka, lakini pia hatukusema kitu, na hilo halitupi sifa yoyote. Kesho yake Hidaya ilifika Mafia. Ilikuwa imepungua nguvu, na bado mvua yake ilisomba madaraja na makalvati wilayani Kilwa, barabara ya Lindi na Dar es Salaam ikakatika kwa siku kadhaa, mabasi yakakwama na abiria wakalala porini. Mmoja wa waliocheka siku ile alikuwa na mzigo wa biashara ndani ya lori lililokwama upande wa pili wa maji. Alipofika Mtwara alituambia kwamba mambo ya Mungu hayajulikani. Hakutaja tangazo. Hata siku tangazo lilipopatia, halikupata nafasi katika kumbukumbu yake.

Ndipo tukaona kusema peke yake hakufai. Tangu masika yaliyopita wanafunzi wetu wa darasa la juu wana daftari. Ukurasa wa kulia huandikwa tangazo la hali ya hewa linalohusu Mtwara, siku lilipotolewa, kwa maneno yake yenyewe, pamoja na kila "huenda" na kila "uwezekano" uliomo. Ukurasa wa kushoto huandikwa kilichotokea, kikiwa cha kuwasifu watangazaji au cha kuwaaibisha. Hairuhusiwi kufuta. Na anayetangaza kwa kipaza sauti cha msikiti siku ya tahadhari, akiwamo mwandishi wa maneno haya, anasoma kutoka katika daftari hilo na haongezi neno.

Kurasa za mwisho tumeziacha kwa ajili ya wapiga ramli. Yeyote aliye na mtabiri anayemwamini na amlete, au alete maneno yake kabla ya tukio, yaandikwe na tarehe. Wawili waliahidi mbele ya watu. Mmoja alisema mganga wake hapendi maandishi. Wa pili tunamngoja bado. Daftari liko kwenye rafu karibu na mlango wa madrasa, na anayetaka kulisoma aje baina ya Magharibi na Isha.